Madhara ya Dawa Ambayo Tulipaswa Kutajiwa Mapema

Usiku wa siku ya nne tangu mdogo wangu aanze kumeza haloperidoli, dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili, shingo yake ilipinda upande wa kushoto ikakataa kurudi, taya likakakamaa, na macho yakageuka juu hata ukabaki weupe mtupu. Ilikuwa mwaka 2012, nyumbani kwetu Tanga, naye alikuwa na umri wa miaka 23. Alikuwa anajitambua kabisa. Alinishika mkono kwa nguvu akijaribu kusema jambo ambalo ulimi haukuweza kulitamka. Shangazi, ambaye tangu mwanzo hakuamini kwamba ugonjwa ule ni wa hospitali, alisema mashetani yamechukizwa na vidonge, na mama akatoka kwenda kumwamsha shekhe aje amsomee. Mimi nilikimbilia barabarani kutafuta bajaji.

Daktari wa zamu alimtazama, akaomba kuona dawa anazotumia, kisha akaagiza apigwe sindano ya promethazini. Haikupita nusu saa shingo ikalegea na macho yakashuka. Alituambia kwamba misuli kukaza namna ile ni jambo linalojulikana, kwamba hutokea katika saa au siku za mwanzo za dawa, na kwamba vijana wa kiume hupatwa zaidi kuliko watu wengine. Nilipomsikiliza sikufarijika, nilikasirika. Aliyeandika dawa alilijua jambo hilo, na aliyetukabidhi vidonge dirishani huenda alilijua pia, lakini sisi tuliokwenda kulala na mgonjwa nyumba moja hatukuambiwa hata neno moja.

Kwa miezi miwili iliyofuata mdogo wangu hakugusa kidonge, na ugonjwa ukamrudia kwa ukali uliozidi ule wa kwanza. Ndugu walimwita mkaidi. Mimi sijawahi kuona ukaidi pale. Mtu aliyeshikwa shingo na dawa asiyoielewa ana kila sababu ya kuiogopa. Ndiyo maana ninaandika. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si daktari, na kipimo cha dawa ya mtu yeyote hupangwa na aliyesomea kazi hiyo. Hata hivyo nimemuuguza ndugu yangu kwa miaka mingi, nimewauliza wauguzi na madaktari maswali mengi kupita kiasi, na ninaamini kwamba sehemu kubwa ya usalama wa dawa hizi hutokana na mgonjwa na jamaa zake kujua mapema kitakachoweza kutokea.

Dawa ya kwanza ya aina hii ni klopromazini, ambayo madaktari Jean Delay na Pierre Deniker waliitumia kwa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris mwaka 1952. Haloperidoli ilifuata mwaka 1958 kutoka Ubelgiji, katika maabara ya Paul Janssen. Dawa hizi, pamoja na flufenazini ya sindano, ndizo zilizozoeleka kwa muda mrefu katika kliniki zetu, na baadaye zimekuja risperidoni, olanzapini na klozapini. Nyingi kati yake hufanya kazi kwa kuizuia dopamini, kemikali ya ubongo ambayo ikizidi katika baadhi ya sehemu, mtu husikia sauti zisizokuwapo na kuamini mambo yasiyo ya kweli, kama vile kwamba redio inamsema yeye. Dopamini hiyohiyo, katika sehemu nyingine ya ubongo, ndiyo inayolainisha mwendo wa viungo. Dawa haichagui mahali pa kwenda. Ikizuia huku sauti zinanyamaza, ikizuia kule shingo inakaza, mikono inatetemeka au miguu inakosa utulivu. Mtu akilielewa hili, madhara hayo hayamshangazi tena, na hana haja ya kumsingizia shetani.

Katika madhara yote, lililotuchelewesha zaidi ni la miguu. Aliporudi kwenye dawa, safari hii kwa kipimo kidogo, sauti zilipungua ndani ya wiki chache, lakini alianza kutembea. Alitoka chumbani hadi mlangoni, mlangoni hadi kisimani, akarudi, akaketi, akainuka kabla hajatulia. Wakati wa chakula alikula amesimama, huku akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Usiku nilisikia kandambili zake uani. Sote tulidhani ugonjwa umezidi, tukaenda kusema hivyo kliniki, na kwa maelezo yetu kipimo kikaongezwa. Akatembea zaidi. Siku moja aliniambia, kwa sauti ya chini sana, kwamba ni heri afe kuliko kuendelea kuishi katika mwili usiomruhusu kukaa.

Aliyetuokoa ni muuguzi mmoja mtu mzima, ambaye badala ya kuniuliza mimi alimgeukia mgonjwa mwenyewe akamwuliza, “Baba, unatembea kwa sababu kuna kitu kinakutisha, au kwa sababu miguu yenyewe haikubali kutulia?” Akajibu kwamba ni miguu. Swali hilo moja lilibadili kila kitu. Kwa kitaalamu hali hiyo huitwa akathizia, na hatari yake ni kwamba kwa mtazamaji hufanana na kuchafuka kwa ugonjwa, kwa hiyo dawa huongezwa pale ambapo ilipaswa kupunguzwa au kubadilishwa. Kipimo kilishushwa, akaongezewa propranololi baada ya kuulizwa kwanza kama ana pumu, kwa kuwa dawa hiyo haimfai mwenye pumu, na baada ya siku kadhaa nilimkuta ameketi kwenye mkeka akinywa chai. Nililia siku ile. Kama una mgonjwa ambaye ametulia maneno lakini hatulii mwili, mwulize swali la muuguzi yule, kisha upeleke jibu lake kwa daktari kama alivyolisema yeye. Na akitaja kifo, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke siku hiyohiyo.

Kuhusu benzeksoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Artane, nina maoni yangu. Ni dawa ya kweli na ina kazi yake: hufungua misuli iliyokaza na hupunguza mtetemeko na ukakamavu unaoletwa na haloperidoli au klopromazini. Lakini nimeona watu wanaoimeza kwa miaka bila mtu yeyote kuuliza kama bado wanaihitaji. Hukausha kinywa, hufunga choo, hutia ukungu machoni na huharibu kumbukumbu, hasa kwa wazee. Miguu isiyotulia haiisaidii sana. Isitoshe, kuna vijana wanaoinunua mitaani kwa ajili ya kulewa, kwa hiyo vidonge hivyo nyumbani kwetu hukaa kwenye kabati lenye kufuli, na ninavihesabu.

Sasa niseme jambo ambalo hatukupatwa nalo, ninalomshukuru Mungu, lakini ambalo kila anayeuguza mtu wa dawa hizi katika nchi zetu zenye malaria anapaswa kulijua. Ni nadra sana, ila laweza kuua. Mgonjwa hupandwa na homa kali, mwili hukakamaa kama ubao, jasho humtiririka, moyo humwenda mbio, na akili huchanganyikiwa au hunyamaza kabisa. Hutokea zaidi katika wiki za mwanzo au baada ya kipimo kuongezwa, ingawa huweza kutokea wakati wowote. Kwetu homa ikipanda fikra ya kwanza ni malaria, na mara nyingi fikra hiyo ni sahihi, kwa hiyo apimwe. Lakini malaria ya kawaida haimkakamazi mtu mwili mzima. Homa na ukakamavu vikiambatana, usimpe dozi inayofuata ya dawa ya akili. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo ukiwa na vidonge vyake mkononi, na useme waziwazi kwamba anatumia dawa hizi, kwa sababu asiyejua anaweza kumtibu pepopunda au homa ya uti wa mgongo huku sababu yenyewe ikiendelea kuingia mwilini.

Na akikutwa kweli na malaria, bado mwambie anayemtibu. Dawa mseto na kwinini zinaweza kuathiri mapigo ya umeme wa moyo, na haloperidoli nayo inaweza kufanya hivyo, kwa hiyo zinapokutana daktari anapaswa kuwa na habari. Hii haina maana kwamba mgonjwa aachwe bila matibabu ya malaria. Malaria isiyotibiwa ni hatari kubwa zaidi.

Mwaka 2015 alihamishiwa sindano ya flufenazini, ile ambayo wengi huiita modeketi au sindano ya mwezi, kwa kuwa alianza kusahau vidonge. Sindano hiyo huchanganywa na mafuta, ikadungwa kwenye msuli, na dawa hutoka kidogokidogo kwa wiki mbili hadi nne. Ilituletea amani kubwa, kwani ugomvi wa kila jioni wa “umemeza, hujameza” uliisha. Lakini lina upande wa pili jambo hili: kidonge kikikudhuru, kesho hukimezi, ilhali sindano ikishaingia huwezi kuitoa, na madhara yake yatakuwa nawe kwa wiki kadhaa. Ndiyo sababu ni vizuri mtu ajaribiwe kwanza kwa kipimo kidogo kabla ya kupewa kamili, na ni haki yako kuuliza kama hilo litafanyika.

Kwa miaka minne sindano ilimlinda dhidi ya sauti, lakini ilimnyang'anya mikono. Yeye ni fundi seremala. Nilikuwa na daftari ambalo kila tukienda kliniki aliweka sahihi yake karibu na tarehe, na siku moja nikifunua kurasa za nyuma niliona kwamba sahihi imekuwa ikipungua ukubwa mwaka hata mwaka, mpaka ya mwisho ilikuwa kama mstari wa sisimizi. Uso wake ulikuwa umepoteza mikunjo ya kicheko, hatua zake zilikuwa fupi, na randa ilimtoka mkononi. Tulidhani ni huzuni, au uvivu ambao watu husema unaletwa na ugonjwa. Daktari alipouona mfululizo wa sahihi zile hakuhitaji maelezo mengi. Ilikuwa ni dawa, na mwaka 2019 akaanza kuhamishwa taratibu kwenda olanzapini.

Mikono ilirudi, na tumbo likaja. Olanzapini huamsha njaa ambayo asiyeijua huiita ulafi. Ndani ya miezi minane alitoka kilo 61 hadi 72, na watu walimsifu kwamba amenawiri. Mimi nilifurahi nao, mpaka nilipoelezwa kwamba uzito huo, pamoja na sukari na mafuta ya damu yanayoweza kupanda, ndio unaowaletea wengi kisukari na maradhi ya moyo. Kuna desturi nzuri ya kupima uzito, mzunguko wa kiuno, shinikizo la damu na sukari kabla ya kuanza dawa, kisha tena baada ya miezi mitatu, halafu angalau kila mwaka. Sisi hatukupimwa mwanzoni, niliomba mwenyewe. Tumepunguza soda na ugali wa usiku, na tumeongeza mchicha na samaki, jambo ambalo Tanga si gumu. Kilo tano zimeshuka.

Kuna madhara mengine ambayo mdogo wangu hakuniambia mimi dada yake, akamwambia shemeji yake, yaani mume wangu, na hata huyo alimwambia baada ya mwaka mzima. Baadhi ya dawa hizi hupandisha homoni iitwayo prolaktini, na kwa mwanamume nguvu na hamu ya tendo la ndoa hupungua. Kwa mwanamke hedhi inaweza kukoma na maziwa yakatoka bila mtoto. Nimemjua mama mmoja aliyeacha dawa akidhani ana mimba. Tena mwanamke anayebadilishiwa dawa ajue kwamba hedhi na uwezo wa kushika mimba vinaweza kurejea haraka. Na aliye mjamzito kweli asiache dawa peke yake kwa hofu. Azungumze na daktari mapema, kwa sababu kurudiwa na ugonjwa katikati ya mimba kuna hatari yake kwa mama na kwa mtoto. Mambo haya yana aibu katika desturi zetu, naielewa, lakini mume asiyejua kwa nini mkewe amebadilika, au mke asiyejua kwa nini mumewe hamkaribii, hutafuta sababu pengine, na nyumba huvunjika kwa jambo ambalo kubadilishiwa dawa kungelitatua.

Klozapini sitaizungumzia sana kwa kuwa hatujaitumia. Huwasaidia watu ambao dawa nyingine mbili zimeshindwa kuwasaidia, lakini inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu. Mwaka 1975 nchini Ufini wagonjwa walikufa kwa sababu hiyo. Ndiyo maana damu hupimwa kila wiki katika miezi ya mwanzo. Anayeitumia akipata homa au maumivu ya koo apimwe damu mara moja, na kufunga choo asikudharau, kwa sababu kwa dawa hiyo kunaweza kufika mahali pa kuua. Anayetumia klopromazini naye ajue kwamba ngozi yake huungua upesi kwenye jua la pwani, na kwamba akiinuka kitandani kwa haraka anaweza kuona giza na kuanguka. Aketi kwanza.

Ninawaomba wenzangu wanaouguza waangalie pia midomo. Baada ya miezi au miaka ya dawa, hasa zile za zamani, ulimi na midomo vinaweza kuanza kucheza vyenyewe: kutafuna pasipo chakula, kulamba, kukonyeza. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hana habari. Madhara haya yanaweza kubaki hata dawa ikiachwa, kwa hiyo yakionekana mapema ndipo kuna nafasi nzuri zaidi ya kuyazuia, na benzeksoli hapa haisaidii, inaweza hata kuyazidisha.

Hatari moja haikutoka kwenye dawa yenyewe, ilitoka kwenye hesabu. Wakati fulani vidonge vya haloperidoli vya miligramu 1.5 viliisha, tukapewa vya miligramu 5, na mama, ambaye alizoea kumpa viwili, aliendelea kumpa viwili. Kutoka miligramu 3 alikwenda 10 kwa usiku mmoja. Tangu siku hiyo daftari letu haliandiki idadi ya vidonge peke yake. Linaandika jina, miligramu na saa, na pakiti tupu hatuitupi mpaka tumeilinganisha na mpya. Dozi ikisahaulika, hatumpi mbili kwa pamoja siku inayofuata.

Sigara nayo ina habari ambayo haikunijia akilini kamwe. Moshi wa tumbaku hulichochea ini kuivunja olanzapini na klozapini haraka zaidi, kwa hiyo mvutaji huhitaji dawa nyingi kuliko asiyevuta. Mdogo wangu alipoacha sigara, jambo ambalo sote tulimpongeza, ndani ya wiki mbili alikuwa analala mchana kutwa na anayumba. Dawa ilikuwa ileile, ila sasa haikuwa ikivunjwa kama mwanzo. Daktari aliishusha kutoka miligramu 15 hadi 10, usingizi ukapungua. Bangi na mirungi ni suala jingine. Hizo huuchochea ugonjwa wenyewe, na hakuna kipimo cha dawa kinachoweza kushindana nazo kila siku.

Mwezi wa Ramadhani tunazungumza na daktari mapema, tangu Shaabani. Yeye sasa humeza mara moja tu usiku, kwa hiyo hufunga bila shida, mradi anywe maji ya kutosha kati ya futari na daku, kwani dawa hizi hupunguza uwezo wa mwili kujipoza wakati wa joto. Aliyekuwa na dozi ya mchana asiiruke tu kwa kuwa ni mwezi mtukufu. Apangiwe saa nyingine, na ikishindikana, mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Shekhe yule aliyeamshwa usiku mwaka 2012 ndiye aliyemwambia mama kwamba kisomo na vidonge havigombani, na tangu hapo hata shangazi amenyamaza.

Swali ambalo mdogo wangu huliuliza kila mwaka ni lini ataacha. Aliyepatwa na ugonjwa mara ya kwanza hushauriwa kuendelea na dawa angalau miezi 12 baada ya kupona kabisa, na aliyerudiwa mara kadhaa huendelea kwa muda mrefu zaidi. Yeye amerudiwa mara tatu, zote baada ya kuacha ghafla. Mara hii aliuliza kwa namna tofauti: hakuomba kuacha, aliomba kupunguza, akaeleza kwamba asubuhi kichwa kinakuwa kizito na wateja wa makabati huja mapema. Daktari alikubali kushuka kutoka miligramu 10 hadi 7.5, kisha tungoje miezi mitatu kabla ya hatua nyingine yoyote.

Kabla hatujaondoka alitutaka tuandike dalili zake za mapema, zile zinazotangulia sauti. Aliziandika mwenyewe: kulala chini ya saa nne kwa siku mbili mfululizo, kuzima redio wakati wa taarifa ya habari, kukataa chakula alichokipika mtu mwingine, kuacha kazi nusu na kuanza nyingine. Chini yake akaandika namba yangu ya simu na ya shemeji yake, na akaongeza kwamba tukiona mbili kati ya hizo turudishe kipimo cha zamani kama daktari alivyoagiza, hata kama yeye mwenyewe siku hiyo atakataa. Kisha akaweka sahihi, nayo sasa inajaza mstari mzima. Leo ni wiki ya tano. Analala kwa muda wa saa saba, na redio iko wazi.